Nusu ya Maneno ya Nesi

Kila alfajiri ya majira ya baridi, Spés aliamshwa na viatu vya mama yake. Vilikuwa viatu vizito vya ghalani, na Mama Florida alivivaa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akishafunga kimoja, alipumzika kwanza kabla ya kushika cha pili. Kisha honi ya gari la wenzake ililia nje, naye akatoka kwenye theluji ya mji wao wa Whitehall akipiga miayo.

Waliishi wawili tu. Baba yake, Zabroni, alifariki katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hawajapata safari ya kuja Marekani. Sasa Spés alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiingereza chake kilimwacha mama yake mbali sana. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba. Alisoma barua za shule, aliongea na watu wa umeme, na alitafsiri hata matangazo ya sabuni, ingawa hakuna aliyemwomba.

Januari ile ya mwaka 2015, mafua makali yalimwangusha. Alilala taabani siku tano, na Mama akakosa kazi siku mbili ili amuuguze. Kule ghalani, kukosa siku moja kulikuwa pointi moja, na ukifikisha sita huna kazi. Sasa Mama alikuwa amefikisha tano. "Tano, mwanangu," alimwambia. "Tumwombe Mungu tu."

Jumapili homa ikaisha. Jumatatu Spés alirudi shuleni akikokota miguu, na jioni nesi wa shule akapiga simu nyumbani. Spés akaipokea, huku Mama amekaa karibu akivua viatu.

"Anaendelea vizuri," nesi alisema kwa Kiingereza, ujumbe wa kutafsiriwa kwa Mama. "Kikohozi kinaweza kukaa wiki kadhaa. Anywe maji, apumzike. Ila homa ikirudi baada ya kuisha, au kifua kikimuuma akivuta pumzi, aone daktari siku hiyohiyo. Msingoje."

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Spés alitazama miguu ya mama yake iliyovimba. "Anasema naendelea vizuri. Ninywe maji, nipumzike."

Hakusema uongo hata neno moja. Aliacha nusu tu, na nusu ile ndiyo iliyokuwa muhimu.

Jumatano homa ikarudi. Kila alipovuta pumzi, ubavu wa kulia ulimchoma. Alikumbuka vizuri sana maneno ya nesi, lakini alikumbuka pia pointi tano. Akapiga moyo konde, akameza kidonge cha kushusha homa mapema kabla Mama hajafika. Mama alipomgusa paji la uso, alikuta limepoa.

"Asante Yesu," Mama akasema, kisha akasinzia mezani hata kabla ya kumaliza ugali. Spés alimwonea huruma hadi machozi yakamlengalenga.

Alhamisi shule zilifungwa kwa sababu ya baridi kali. Mchana akaja Mama Adolphine, jirani yao Mkongomani anayefanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa amebeba sufuria ya uji. Akaiweka chini, akamtazama Spés pale kwenye kochi.

"Mutoto, mbona uko unapumua mbio hivi, na umelala tu?"

"Ni kikohozi tu, Mama Adolphine."

"Hapana! Mimi naonaka wagonjwa kila siku, utanidanganya mimi? Bon, niambie. Hii homa ilitoka, kisha ikarudia?"

Spés alitaka kukataa, lakini alikuwa amechoka. Alichoka kukohoa, alichoka kuhesabu pointi za mama yake, alichoka kuwa mdomo wa watu wawili. Akalia, akaeleza yote, pamoja na maneno ya nesi aliyoyaficha.

Mama Adolphine hakumgombeza. Alimpigia Florida simu kazini, akamvisha Spés koti, wakampitia Mama kwenye geti la ghala kwa gari lake. Mama aliingia bado amevaa kizibao chake cha kazi.

"Pointi ya sita," Spés alinong'ona.

Mama alimshika mkono hadi kliniki.

Huko Spés alifungua mdomo atafsiri, kama kawaida yake, lakini daktari akamzuia kwa upole. Alibonyeza simu iliyokuwa mezani, na sauti ya mwanamke ikasikika ikizungumza Kiswahili safi. Kumbe mkalimani alikuwepo, tena wa bure. Wao hawakuwahi kumwomba.

Daktari alimsikiliza kifua, kisha Spés akapigwa picha ya eksirei. "Ni nimonia," daktari alisema, na sauti ya simuni ikaeleza. "Mafua yaliudhoofisha mwili, nayo ikapata nafasi. Mmewahi. Mngechelewa, huenda tungemlaza hospitali. Vidonge hivi avimalize vyote, hata akijisikia mzima." Kisha akaandika barua ya kupelekwa kazini kwa Mama.

Wakiwa wanasubiri dawa, Mama alizungumza, sauti imechoka.

"Baba yako naye alisema ni kikohozi tu. Hakutaka niache foleni ya chakula nimpeleke zahanati. Alipoanza kutetemeka, tulikuwa tumechelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Niliogopa watakufukuza, Mama."

"Kazi ikipotea nitatafuta nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Spés alilaza kichwa begani kwa mama yake.

Ile barua ilikubaliwa kazini, na siku ile haikuhesabiwa. Wiki iliyofuata nesi wa shule alipiga simu tena. Spés akanyoosha mkono kwa mazoea, lakini Mama akaishika simu mwenyewe, akasema polepole, "Swahili," akasubiri mkalimani aunganishwe.

"Pointi nitazihesabu mimi," alimwambia binti yake, akiifunika simu kwa kiganja. "Kazi yako wewe ni kuniambia panapouma, na kuniambia mapema."

Spés akaweka mkono ubavuni.

"Basi hapa bado panauma kidogo, Mama."