Mwanangu Alipotea Katikati ya Shule Mbili

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na nne, ni mkulima wa mahindi na karanga katika kijiji kimoja upande wa Magamba, Mpanda. Hapa kijijini wananijua kama mwanamke mwenye mdomo. Ni kweli, ninao! Lakini kuna siku mdomo huo ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema, na mpaka leo naumia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi na mume wangu, Jilala, tulikuwa tumehama Shinyanga na ng'ombe wetu wachache, tukafungua shamba ng'ambo ya mto. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Kabula. Majirani zetu wengi walikuwa familia zenye asili ya Burundi, watu wa kanisani, wachapakazi kweli. Mmoja wao, Mama Odeta, alikuwa zaidi ya ndugu kwangu. Tulipalilia pamoja, tukacheka pamoja, na watoto wetu walikwenda shule pamoja.

Shule yenyewe ilikuwa upande wa pili wa mto, karibu na barabara. Ilikuwa ya udongo, na kuta zilikuwa zimepasuka mpaka mbuzi anapita. Serikali ikasema itatoa bati wananchi wakijenga. Udongo mzuri wa matofali ulikuwa kwetu, ng'ambo. Kwa hiyo wanaume wetu walichimba na kufyatua, na sisi wanawake tukayavusha matofali mto, kichwani, kiangazi kizima.

Kila familia ilitia alama kwenye matofali yake. Alama ya Jilala ilikuwa mistari miwili ya vidole.

Hakuyaona madarasa yakiezekwa. Siku moja ukingo wa shimo la udongo ulimporomokea... Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Jamani, niliita jina lake mpaka sauti ikakauka! Kitu pekee kilichonituliza ni kwamba Kabula angesoma ndani ya kuta za baba yake.

Mwaka mmoja baadaye madarasa yaling'aa kwa bati jipya. Ndipo tukaitwa kwenye mkutano wa wazazi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa shemeji yangu, Maduhu, kaka wa marehemu. Yeye aliishi upande wa barabara. Akasimama na kutangaza kwamba watoto wamezidi, kwa hiyo mto sasa ndio mpaka. Watoto wa ng'ambo watasoma kwao, kwenye shule mpya. Shule mpya gani? Banda la nyasi, magogo ya kukalia na mwalimu mmoja!

"Ni kwa usalama wao," akasema. "Mto ukijaa, watoto watakufa."

Nilisimama.

"Tofali zetu zilivuka mto huohuo, nyie mkapiga makofi!" nikasema. "Leo watoto wetu wakivuka imekuwa hatari? Mume wangu kafia nini?"

Mkutano ulichafuka. Wazazi wa upande wa barabara walisema na wao wana haki, watoto wao wanakaa chini kwa msongamano. Sikatai, walikaa chini kweli. Lakini sisi tulitaka tugawane shida, siyo wao wabaki na madarasa na sisi tubaki na mashimo. Hata mratibu wa elimu aliyetoka mjini alikuna kichwa. Akaahirisha, akasema tukutane tena baada ya mavuno.

Ng'ambo tulikubaliana neno moja: hakuna atakayemhamisha mtoto wake, na mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya wote.

Kabla ya mavuno kwisha, Maduhu alikuja kwangu na wazee wawili wa ukoo. Walikuja na maneno laini. Matanga yamekwisha zamani, wakasema, na mjane hawezi kukaa peke yake ng'ambo huko. Mila inataka Maduhu anirithi. Kisha Maduhu akaongeza lile lililonichoma moyo.

"Ukiwa kwangu, Kabula ni mwanangu. Na mwanangu anasoma hapa, darasa la tofali. Nani atamgusa?"

Ningefanya nini, wasomaji? Nilimwona Kabula kwenye gogo, ndani ya nyasi, mvua inamnyeshea. Nikamwona tena ndani ya kuta za baba yake. Moyo wangu ukachagua.

Mama Odeta aliponikuta nafunga vyombo, alikaa kizingitini kwangu na hakunisaidia.

"Mama Kabula, sikia nikwambie," akasema. "Huyu hataki mke, wake anao. Anataka unyamaze."

Nilimwambia ana wivu. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu aliyenifunga kanga kiunoni siku ya msiba!

Mkutano wa pili ulipofika, nilikaa kati ya wanawake wa upande wa barabara. Ng'ambo walikuwa kule mbele, wameniachia nafasi kwenye mkeka. Maduhu alisimama akitabasamu.

"Hata Mama Kabula aliyepiga kelele sana ameshaelewa," akasema. "Si ndiyo, mama?"

Watu wote wakageuka. Mama Odeta akanitazama, akanisubiri... Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo, lakini sikusema hapana. Mpaka ukapita hapohapo.

Mwanzoni nilijifariji. Kabula alikaa karibu na ukuta wenye mistari miwili, na aliniambia huwa anaipapasa kabla ya mtihani. Alikuwa wa tatu darasani. Niliyavumilia masimango ya mke mkubwa, nikalima mashamba yasiyo yangu. Kumbe Maduhu alikuwa na hesabu zake!

Kabula alipoingia darasa la sita, Maduhu alisema shangazi yake wa Sibwesa anaumwa, anahitaji mtoto wa kumchotea maji kwa siku chache. Nikamruhusu. Siku chache zikawa wiki, na wiki zikawa miezi. Nikiuliza, najibiwa mgonjwa hajapona.

Kisha jioni moja ng'ombe wageni waliingizwa kwenye zizi letu. Nikauliza ni wa nani. Mke mkubwa akacheka.

"Na wewe huwajui ng'ombe wa mwanao?"

Nilikimbia shuleni bila viatu. Mwalimu mkuu alinishangaa. Akasema Kabula si mwanafunzi wake tena, mwenyekiti mwenyewe alimwarifu kwamba mtoto amerudi kwao, amehamia shule ya ng'ambo kufuata mpaka. Nikavuka mto mpaka kwenye banda la nyasi. Mwalimu wa kule akasema hajawahi kumpokea Kabula, yeye anajua mtoto huyo anasoma upande wa barabara.

Mnaona ilivyokuwa? Huku wanajua yuko kule, kule wanajua yuko huku. Hakuna aliyemtafuta mwanangu, kwa sababu kila shule ilidhani ni wa shule nyingine. Na mpaka huo niliupitisha mimi kwa kichwa changu kilichoinama!

Nilitembea mpaka Sibwesa. Nilimkuta Kabula kwenye boma la mwanaume mwenye mvi, tayari ana mimba. Wazee wakaniambia mahari imeshaliwa, nirudi nyumbani. Kabula hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mama, ulijua?"

Niliapa sikujua. Sidhani kama aliniamini.

Nilimwacha Maduhu nikarudi ng'ambo. Nyumba yangu ilikuwa imeanguka. Wenzangu niliowakimbia walikuwa wamefyatua matofali upya, wakajenga darasa lao, wakaongezewa na walimu. Watoto wao, Odeta akiwemo, walifika mbali. Mama Odeta alinipa pa kulala, na neno la lawama hakulitoa. Afadhali angenitukana!

Miaka ilipita. Kabula alitoroka Sibwesa akaja na watoto wawili. Alishukia kwa Mama Odeta kwanza, siyo kwangu. Tulipompeleka binti yake kuandikishwa, mwalimu aliuliza mtoto anatoka upande gani wa mto. Nikafungua mdomo nijibu. Kabula akaniwahi.

"Ng'ambo," akasema, bila kunitazama. "Sisi hatukuhama." Nikaelewa kwamba aliyehama ni mimi.

Ndugu zangu wazazi, nawaomba kwa machozi. Mkiitwa kujadili mipaka ya shule, kaeni kwenye mkeka mmoja na wenzenu mpaka mwisho. Mtu akikuahidi nafasi ya mwanao peke yake, mkatae hata kama ni ndugu wa damu! Nafasi aliyokupa yeye, yeye huyohuyo ataichukua, na siku hiyo utapiga kelele na hakuna wa kukusikia.

Madarasa ya upande wa barabara bado yapo. Mistari miwili ya Jilala ipo ukutani, na watoto wanaokaa pale hawajui ni ya nani.