Alama Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamene alikuwa na kazi moja. Alimpa nyanya yake, ambaye alimwita Susu, maji ya uvuguvugu na kidonge cha presha. Kisha alitia alama kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chao mtaani Gatina, Kawangware. Alikuwa ameianza kazi hiyo baada ya baba yake, Mutinda, kufariki. Baba naye alikuwa na presha. Alijiona mzima, akaacha dawa, akaanguka kazini asiamke tena.

"Susu, umemeza?" aliuliza siku ya kliniki, ameinama akifunga kamba za viatu.

"Nishameza, mama. Tia alama."

Kamene akatia, akatoka kumwaga maji machafu. Aliporudi, alimkuta jirani yao Wamucii mlangoni.

"Dawa zangu za presha zimeisha, Mama Mutinda. Nikopeshe hata mbili."

"Chukua. Na hii ya leo pia," Susu akasema, akatoa kidonge kwenye mfuko wa sweta. Kwake yeye, dawa ilikuwa kama chumvi: jirani akikosa, unamgawia.

"Susu! Hiyo si ulisema umemeza?"

"Punguza sauti. Mimi ni rika lako?"

Walienda hadi kliniki, upande wa Olympic kule Kibera, kila mmoja amemkasirikia mwenzake. Kamene alitangulia na kalenda kwapani, akamwonyeshe daktari.

Daktari Mbithi alimpima Susu, akakunja uso. "Presha iko juu sana: mia moja na tisini kwa mia moja na kumi. Shosho," alimwita kwa heshima kama nyanya yake mwenyewe, "unameza dawa kila siku?"

"Kila siku."

Daktari akaitazama kalenda. Ilikuwa imejaa alama. "Basi dawa hii imeshindwa. Nitakuongezea nyingine, kali zaidi." Akashika kalamu.

"Usiandike!" Kamene alifoka. "Hamezi! Anamgawia jirani!"

"Kamene! Unaniaibisha mbele ya daktari?"

"Afadhali aibu! Baba hakuaibishwa na mtu, na tulimzika!"

Daktari akaiweka kalamu chini. "Na hizi alama ametia nani?"

"Mimi."

"Ulimwona akimeza?"

Kamene alikumbuka kamba za viatu. Alikumbuka pia Jumapili alizotia alama za siku tatu kwa mpigo ili kalenda ipendeze. "Sikuwa natazama," alisema, na sasa hasira yote ilimgeukia yeye mwenyewe.

"Nimewakasirikia nyote wawili," alisema daktari. "Ningempa dawa kali mtu ambaye hata ile ya kwanza hajaimeza. Siku ambayo angezimeza zote, presha ingeshuka ghafla, naye angeanguka. Shosho, dawa hii ni yako peke yako. Ukigawa, wewe huponi na jirani haponi. Mlete hapa apimwe, apewe yake. Na wewe Kamene, siku asipomeza, acha nafasi tupu. Nafasi tupu naweza kuiuliza swali. Alama ya uongo inanifumba macho."

Walipofika sehemu ya Kawangware iitwayo Kongo, karibu na nyumbani, Susu alisimama.

"Baba yako pia alikuwa akiniambia ameshameza," alisema polepole. "Nami nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka."

Kamene akamshika mkono.

Wiki hiyo Wamucii alipelekwa kliniki, akarudi na dawa zake mwenyewe. Kamene naye alizikata kwa kalamu nyekundu alama zote ambazo hakuwa na hakika nazo. Zilikuwa nyingi, akaona haya.

Lakini kabla ya hayo, asubuhi iliyofuata siku ya kliniki, Susu aliweka kidonge ulimini, akanywa maji, akapanua kinywa. "Haya, askari, kagua!"

Kamene alikagua hadi chini ya ulimi. Viatu vyake vilikuwa bado havijafungwa kamba.

"Hivyo ndivyo," alisema Susu. "Mgonjwa usimuulize tu. Mgeukie, umtazame mpaka ameze. Sasa tia alama."