Tope Lililolia

Kila asubuhi Leonia alianza kazi kwa kufungua kabati la joto la maabara na kutoa visahani vya kioo, kimoja kimoja, akivitazama mbele ya dirisha. Vimelea huota juu yake kama ukungu. Pale tone la dawa linapovishinda, hubaki duara safi. Asubuhi hiyo ya mwaka 2016 alishika kisahani cha Inamahoro, mtoto wa wodi ya pili, akakigeuza mara mbili. Hapakuwa na duara hata moja.

Bado alikuwa amekishika wakati muuguzi Marcelina alipoingia.

"Weka chini hicho, mdogo wangu. Mtoto ametutoka."

Inamahoro alikuwa binti wa Anésie, mkimbizi aliyevuka ziwa kutoka Burundi mwaka uliotangulia, akapata kibustani cha mchicha nyuma ya Ujiji. Mtoto aliletwa na kidonda cha kisigino tu. Na wodini walibaki watoto wengine wawili wa bustani za jirani, vidonda vyao vimeanza kunuka.

Mtaani walishampata muuaji: Castory, muuza dawa. Walisema anauza chaki.

"Shikamoo, kaka Castory," Leonia alisema dukani kwake, kwa sauti yake ndogo.

"Marahaba. Umekuja kunipima au kunizika?"

"Naomba dawa uliyompa mama Inamahoro."

"Chukua boksi zima. Wakinichomea duka, angalau hilo litapona."

Leonia aliipima. Ilikuwa dawa kamili, iliua vimelea vya kawaida bila taabu. Vya Inamahoro haikuvigusa, na dawa za hospitali hazikuvigusa pia. Castory hakuwa na kosa. Vimelea vyenyewe vilikuwa sugu, na vilitoka mahali fulani.

Akaenda kwa Anésie. Juu ya matuta ya mchicha aliokota vipande vyembamba vya mbolea, kama magamba, vimegandwa na mchanga upande wa chini.

"Pole sana, mama. Mbolea hii mlipata wapi?"

"Ya bure. Inamahoro alinisaidia kuimwaga, peku. Ilikuwa kavu, imeshalia."

"Nani alikuambia mbolea inalia?"

Anésie alitazama chini. "Watu tu."

Leonia alizaliwa Katonga, ufukweni mwa ziwa, mama yake mwanikaji wa dagaa. Dagaa wakikauka sawasawa huchakarika ukiwageuza, na kina mama pale husema wamelia. Anésie alikuwa mkulima wa milimani, hajawahi kuanika dagaa.

Mbolea ya bure ilitoka mahali pamoja tu: kituo cha kutibu tope la vyoo vya kambi ya wakimbizi. Huko msimamizi Martini aliyapokea magamba akayavunja kwa vidole.

"Hili halijafika kwenye lundo, dada. Kwanza tunalianika mchangani lipungue maji. Halafu tunalirundika hapa kwenye saruji mpaka lipate moto. Ukiingiza mkono, unautoa mbio. Likiiva ni udongo mweusi, halina mchanga."

"Kuna mtu hapa aliwahi kuanika dagaa?"

Martini akacheka. "Nizigama. Alianzia Kibirizi, kwenye dagaa. Mpaka leo analigeuza tope halafu anatega sikio. Tunamtania mpaka anakasirika."

"Ana ndugu huku?"

Kicheko kikamkauka. "Dada mmoja. Huyo aliyefiwa."

Leonia alipandikiza magamba mengine kwenye visahani, akasubiri. Vikaota vimelea vile vile. Hakuna duara.

Alimkuta Nizigama msibani akipasua kuni. Aliomba yeye na Anésie wamfuate nyuma ya nyumba.

"Kaka, tope la mchangani uliwapa akina nani?"

"Mimi? Sijampa mtu."

"Mama Inamahoro alisema limelia. Neno hilo ni la waanika dagaa."

Nizigama alimtazama dada yake. Kisha akakaa chini, taratibu, kama mzee.

"Lilikuwa kavu," alisema. "Dagaa akikauka haozi. Nikadhani na tope ni hivyo. Lundo linachelewa, mvua zinakuja, na dada hana mbolea."

"Jua linakausha maji tu, kaka. Kambini watu wanakunywa dawa nyingi, na vimelea vilivyozizoea vinashukia chooni. Ndani yake mna vinasaba, ni kama maagizo ya kuishinda dawa. Kimelea kikifa kwa jua, maagizo yanaweza kubaki, kingine kikayaokota. Moto wa lundo ndio unaoyavunja mengi."

"Niliposikia ni kisigino, nikaelewa," Nizigama alisema. "Wakamtaja Castory, nikanyamaza."

"Watoto wengine wawili bado wako wodini. Niambie bustani nyingine, kabla hawajawa wanne."

Akazitaja: ya Selestini, ya mama Ndayikunda, na mbili za kijitoni. Leonia alitoka akampigia Martini simu kumwambia watu wavae viatu, waikusanye mbolea yote na kuirudisha kwenye lundo. Aliporudi, ndugu hao wawili walikuwa bado wamekaa vile vile.

"Dada, nifukuze," Nizigama alisema. "Sema neno."

Anésie alikunja kanga yake magotini, akaikunjua.

"Nilijua," alisema. "Nimekuficha kwa sababu upande huu wa ziwa sina ndugu mwingine. Wanakuja kunipa pole, nawapikia, na wewe unanipasulia kuni." Akaiachia kanga. "Umeniulia mtoto, Nizigama. Umeniulia mtoto wangu."