Nusu-mtu Hanyweshwi Kiangazi

Jumatatu, tarehe 4 Desemba. Asubuhi hiyo upepo wa mashariki ulikuwa umeshaanza kuvuma, mkavu na wa moto, na mbuzi walikuwa tayari wanagombea kivuli cha ukuta.

Katrina Obies alimaliza kukamua, akaweka mkate juu ya makaa, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuwasalimu "watoto wake wa makopo". Ndivyo alivyoiita miche yake mitatu ya nusu-mtu. Huo ni mmea mnene wenye miiba. Ukikua, mtu wa mbali hudhani ni binadamu amesimama mlimani.

Zamani nusu-mtu walijaa kwenye mlima alikochungia marehemu baba yake. Wezi wakaja na makoleo, wakawang'oa na kuwauza. Alibaki nusu-mtu mmoja tu, mzee. Miche hii ilitokana na mbegu zake. Katrina aliilea miaka mitatu ili airudishe kule juu. Kama ingekufa, mlima ungebaki na huyo mzee peke yake.

Na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, majani yote yalikuwa yamedondoka.

"Mama! Njoo uone! Wanakufa!"

Mama mkwe wake, Bibi Sara, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Kiu hiyo, mwanangu. Jua lote hili, nawe unawatazama tu? Hata mgeni usiyempenda unampa maji!"

Basi wakaanza kuwamwagilia kila siku. Bibi Sara akaongeza samadi ya zizini, ile iliyokuza maboga yake. Chai ikibaki, nayo aliwagawia. Jioni Katrina alipiga magoti. "Bwana, wewe uliyewaumba wakae jangwani, usiwaache wafe mikononi mwangu."

Siku chache baadaye mche mmoja ulianguka kifudifudi.

Katrina alimkimbilia jirani yake, Dina Swartbooi, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha mimea adimu pale kijijini. Dina alikuja, akaubonyeza ule mche. Shina lilikuwa laini kama siagi.

"Mizizi imeoza. Nani kawapa maji?"

Katrina akamtazama Bibi Sara. Bibi Sara akautazama mlima.

"Kidogo tu," alisema Bibi Sara. "Nusu-mtu, nusu ndoo."

Dina alicheka hadi akashika ukuta. "Bibi, umemzamisha mtu katikati ya jangwa!"

"Lakini majani yalidondoka," alisema Katrina. "Hawakuwa wagonjwa?"

"Walikuwa wamelala, dada. Sasa wamekua, wanalala kama wakubwa. Mvua zetu huja wakati wa baridi. Hapo ndipo nusu-mtu huamka, akaota majani na kunywa. Jua likikaza, huyaangusha majani ili maji yasimtoke. Maji yake ameyaweka shinani. Ukimmwagia akiwa usingizini, mizizi hainywi, inaoza. Wewe ukilala, mumeo anakumwagia chai?"

"Athubutu!"

"Na samadi yangu?" aliuliza Bibi Sara.

"Hiyo ni ya maboga, Bibi. Huyu anataka changarawe na mchanga wa chembe kubwa, na kopo lenye matundu chini."

Mche ulioanguka haukuokoka. Ile miwili mingine waliitoa kwenye udongo mbichi. Dina alisafisha kisu, akakata mizizi myeusi mpaka akafika penye weupe. Waliilaza kivulini wiki nzima ili vidonda vikauke. Kisha wakaipanda kwenye changarawe kavu, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua la mchana. Wakaizungushia waya, maana mbuzi hawana adabu.

"Sasa, hata tone wasipewe," Dina alionya. "Ngoja baridi iingie na kilele kichipue. Hapo wape maji yaloweshe hadi chini, kisha ngoja udongo ukauke kabisa kabla ya kuwapa tena."

Kungoja kulikuwa kazi ngumu kuliko kumwagilia. Januari jua lilipasua midomo. Mara nyingi Katrina alishika ndoo, akasali, akaiweka chini. Mchana mmoja alimkuta Bibi Sara ananyatia nyuma ya nyumba.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kuota jua."

"Na kikombe?"

"Nacho kinaota."

Mwezi wa Mei ukungu ulipanda kutoka baharini, na mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi yake Katrina alichungulia ndani ya waya. Juu ya kila mche kulikuwa na kishungi cha kijani, kidogo kama ukucha. Alipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. Bibi Sara alikuja akicheza.

Jumapili, baada ya ibada, watu walipanda mlima pamoja. Dina alikuwa na kibali, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kumng'oa wala kumhamisha nusu-mtu bila ruhusa. Wakaipanda miche katikati ya mawe, karibu na yule mzee aliyebaki. Mchungaji akaomba.

Kisha mzee mmoja wa kijiji akauliza, "Na wezi wakirudi? Nani atawalinda hawa?"

Katrina alifuta mchanga mikononi, akasimama mbele yao wote.

"Mimi, Katrina Obies, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu. Kila wiki nitapanda mlima huu kuwaangalia. Kiangazi nitawaacha walale. Kila mara yule nusu-mtu mzee atakapotoa mbegu, nitalea wengine, na atakayetaka kujifunza nitamfundisha. Na mtu akija hapa na koleo, atanikuta nimesimama."