Madoa kwenye Mchungwa

Duka la pembejeo mjini Mbinga lilikuwa limejaa wakulima wa kahawa mpaka mlangoni. Nasma alipenya kwa mabega, dera lake la zambarau limefunikwa na sweta zito, maana baridi ya Julai huku haina adabu. Alipofika kaunta akasema kwa pupa:

"Naomba dawa ya kuua ukurutu wa mti. Ile kali kuliko zote."

"Mti gani huo, dada, uliokukosea hivyo?"

Aliyeuliza hakuwa muuzaji. Alikuwa kijana mrefu nyuma yake, buti zimeganda udongo mwekundu. Watu wakacheka. Nasma akageuka amjibu ovyo, akakutana na macho ya upole.

"Mchungwa," alisema. "Shina zima limeota madoa ya kijivu na kijani, na majani yanapukutika. Aliupanda marehemu baba."

Kijana akaacha utani. "Pole. Mimi ni Masoudi, afisa kilimo, nimehamia hapa kutoka Kondoa. Usinunue kitu. Nionyeshe kwanza."

Alifika jioni ile ile kwenye ua uliokuwa nyuma ya duka la vitenge la kina Nasma. Bi Rukaiya, mama yake Nasma, alimtazama kwa jicho la pembeni. Masoudi alichomoa kioo cha kukuzia, akamwita Nasma asogee. Nasma alichungulia, akasahau kupumua. Yale aliyoyaita ukurutu yalikuwa vikombe vidogo vidogo, na mikunjo laini kama lesi ya gauni.

"Haya si ugonjwa," alisema Masoudi. "Yanaitwa kuvumwani. Ni viumbe wawili nyumba moja. Kuvu anajenga na kutunza maji, mwani anapika chakula kwa jua. Kwenye mti wamepanga tu, hawaunyonyi. Na wengi wao hawavumilii moshi. Hewa yenu ni safi."

"Sasa majani yanadondoka kwa nini?"

Masoudi akagonga sakafu kwa kisigino. "Mmeumwagia saruji mpaka shingoni. Mizizi inakosa pumzi. Vunjeni hapa."

Bi Rukaiya akaguna. Saruji ile ndiyo iliyokuwa fahari yake.

Tangu siku hiyo Masoudi akawa mgeni wa kila wiki. Alipiga picha, alipima madoa kwa rula, alikunywa chai ya tangawizi. Akipiga simu, swali la kwanza lilikuwa moja: "Wapangaji wameamkaje?"

"Wazima. Na mwenye nyumba je, haulizwi hali yake?"

"Mwenye nyumba nasikia sauti yake, najua ana afya na ukali wake."

Nasma alicheka, lakini akikata simu alibaki anazunguka chumbani. Alipendwa, au alikuwa mlinzi wa madoa?

"Huyu anaposa mti au anaposa mtu?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Hata mimi sijui, mama."

Alhamisi moja simu ikaita. "Jumamosi nakuja na wageni wawili, watu wazito. Nimewasimulia habari zenu, wana hamu kweli."

"Wazee wake hao!" alisema Bi Rukaiya. Akatafuta brashi ya waya na ndoo ya chokaa, ili ua upendeze. Nasma alijua madoa yangekwanguliwa. Angeweza kumzuia mama. Badala yake alichukua brashi mwenyewe, akakwangua shina kwa nguvu na kulipaka chokaa, akashangaa jinsi moyo ulivyomtulia. Kumbe aliyaonea wivu madoa, na aliona haya kukiri.

Jumamosi alivaa gauni jipya la kijani, hina mikononi, pilau limefunikwa mezani. Wageni wakaingia: walimu wawili wa chuo, kamera shingoni. Masoudi aliona shina jeupe, akasimama kama aliyepigwa.

"Nasma! Umefanya nini? Yale yamekua kwa miaka!"

"Kumbe walikuja kwa hayo?"

"Kwani ulidhani wamekuja kwa nini?"

Walimu wakatazama chini. Nasma akaingia ndani. Pilau halikuguswa.

Baada ya wiki moja alisikia Masoudi amepelekwa Lituhi, huko ziwani. Simu zake hakupokea. Zilipokoma, alichukia zaidi. Hakujua amkasirikie nani, Masoudi au nafsi yake. Na mchungwa, pamoja na weupe wake wote, uliendelea kupukutika.

Asubuhi moja alichukua nyundo na patasi, akaanza kuvunja saruji. Bi Rukaiya alisimama mlangoni, mkono kiunoni. Kisha akaleta karai la samadi.

Nasma alipopumzika nyuma ya jiko, aliona kitu kwenye ukuta wa mawe: duara za rangi ya kutu, nyingine njano kama manjano ya kupikia. Miaka yote alipita hapo na ndoo asione. Alichuchumaa akitazama mpaka jua likampasha mgongo. Alitamani kumwonyesha mtu, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Akachukua simu, akapiga.

"Masoudi."

"Nasma! Alhamdulillahi."

"Nyuma ya jiko kuna wapangaji wa rangi ya kutu. Hukuwahi kuwaona."

"Ningewaonaje? Nyuma ya jiko hafiki mgeni."

"Ulikuwa unakuja kwa nini? Niambie, nimechoka kubabaika."

"Mara mbili nilikuja kwa ajili ya mti. Zilizobaki, mti ulikuwa kisingizio. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, na wewe unasalimia shina kabla yangu?"

"Shina halinitetemeshi sauti, Nasma."

Jumamosi iliyofuata Nasma alishuka Lituhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ufukweni usipa, dagaa wa ziwa hilo, walikuwa wameanikwa, wanameta kama sindano. Masoudi alikuja mbio, shati limechomekwa upande mmoja.

"Nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

"Nami niliyakwangua makusudi. Nilikuwa na wivu."

"Wivu na kuvu?" Alimkodolea macho, kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka wanawake waliokuwa wakigeuza usipa wakageuka.

Masoudi alipotulia, akatoa simu, akampigia Bi Rukaiya palepale, spika imefunguliwa.

"Shikamoo, mama. Ni Masoudi. Naomba ruhusa nilete wazee wangu. Nataka kumwoa Nasma."

"Yuko hapo?" sauti iliuliza. "Nasma, unamtaka?"

Nasma hakuwa na uhakika na jambo lolote duniani, ila hilo.

"Namtaka, mama."

Bi Rukaiya akakohoa kidogo.

"Basi mrudi kabla ya mvua. Barabara hiyo siiamini."

Nasma akamshika Masoudi mkono kwa nguvu. Mama alisema *mrudi*. Hakusema *urudi*.