Siku Ishirini Bila Jina

Wewe ungeishi miaka mingapi na mwanamume ambaye kila ukimuuliza jambo anakujibu, "Upendavyo wewe, mpenzi"?

Mjukuu wangu Morven alivumilia mitatu. Walikutana stesheni kuu ya Glasgow, jioni ya mvua, treni zimefutwa, watu wamebanana. Kwenye kibanda cha vyakula ilikuwa imebaki pai moja ya nyama. Morven, ndani ya koti lake la kijani lenye vifungo vya pembe, aliishika upande mmoja. Kijana mrefu aitwaye Gregor akaishika upande wa pili.

"Tugawane, au niondoke nayo?" Morven akamuuliza.

"Upendavyo wewe."

Siku ile maneno hayo yalikuwa matamu kuliko pai yenyewe.

Wakaoana, na Februari hii wakapata mtoto wa kiume. Hospitalini Gregor alimpakata, akamtazama masikio, akasema polepole, "Huyu ni Dugald." Ndilo jina la marehemu babu yake aliyemlea, fundi wa meli kule Govan. Morven alifurahi. Kwa mara ya kwanza mumewe alitaka kitu.

Basi wakaanza wenye maoni. Mama yake Gregor alicheka mpaka akatafuta kiti. "Dugald? Mtoto gani huyo, kazaliwa na kiko mdomoni?" Msusi akasema ni jina la mbwa wa kuchunga kondoo. Muuza nyama akasema yeye analipenda sana, kwa mtoto wa mtu mwingine. Hata dereva wa teksi alichangia, na hakuna aliyemuuliza.

"Nilikuwa natania tu," Gregor akasema.

"Hukutania, nilikuona usoni. Sema, unataka mtoto aitwe nani?"

"Upendavyo wewe, mpenzi."

Siku ya kumi na tano Morven akafungasha nepi, akaja na mtoto kwangu Partick.

Huku kwetu jina la mtoto huandikishwa serikalini kabla ya siku ishirini na moja kwisha. Siku ya ishirini nilikuwa nakoroga supu ya shayiri, simu ya Morven ikaita. Akaiweka mezani, sauti juu, huku anamfunga mtoto nepi.

"Mtoto hajambo?" Gregor akauliza.

"Mtoto yupi? Mimi nina mtu hapa hana jina."

"Morven, usinifanyie hivyo. Nitakubali lolote. Rory, Jack, chagua tu."

"Ya kwangu nayajua. Nakuuliza ya kwako, siku zote hizi nauliza."

Akakata. Nikaongeza karoti kwenye supu.

Baada ya nusu saa mlango ukagongwa. Gregor, ameloa chapachapa, sweta kaivaa ndani nje, mkononi mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta.

"Samahani, Bibi," akaniambia, akampa Morven mfuko. Ndani mlikuwa na pai moja.

Morven akaitoa, akaishika upande mmoja. "Tugawane, au niondoke nayo?"

Nilimwona akifungua mdomo kulisema lile lile lake, kisha akaufunga. Masikio yakamwiva.

"Tugawane," akasema. "Nina njaa. Na namtaka Dugald. Babu alinifunga kamba za viatu mpaka nina miaka tisa, wala hakuwahi kunicheka. Nataka kuliita jina lake nyumbani kwangu kila siku, na mama akicheka, acheke." Akavuta pumzi. "Na nataka mrudi, nyote wawili. Leo."