Sindano Mbili za Povu

Nyumbani kwa dobi, siku ilianza na mvuke. Ulipanda kutoka kwenye masufuria makubwa, ukapita juu ya kamba za nguo, ukatulia darini kama wingu lililosahau njia. Chini ya wingu hilo walifanya kazi watu wawili, mume na mke. Mume alifua. Mke alipiga pasi. Wateja walimwita Mama Pasi, kwa sababu kola ikitoka mikononi mwake ilisimama yenyewe.

Watoto wao walishakua na kwenda zao. Waliobaki ni wao wawili na paka wao, Povu. Alikuwa mweupe, mnene kama mto wa kulalia. Mchana kutwa alilala juu ya shuka zenye joto. Mama Pasi akisukuma pasi, alimsikia akikoroma, na mawazo yake yalielea mbali, nusu macho, nusu usingizi. Hakuwa msemaji sana. Mumewe naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ziliteleza hivyo, laini, bila kelele.

Kisha Povu akaanza kunywa maji.

Alimaliza ya bakuli lake. Akahamia kwenye ndoo. Siku moja Mama Pasi alimkuta amesimama ukingoni mwa beseni, akilamba maji ya kusuuzia nguo.

"Hebu njoo uone," alimwita mumewe. "Paka wako atatumalizia maji."

"Joto hilo," alisema Dobi. "Hata mimi nina kiu."

Lakini Povu alikojoa pia, tena sana. Hatimaye akakojoa juu ya shuka za mwalimu, jirani yao. Mwalimu alizirudisha, pua ameikunja.

"Mama Pasi, hii sabuni mpya mmeitoa wapi? Usiku kucha nilidhani nimelala na paka."

Mama Pasi alicheka kwa aibu, akazifua upya. Jioni alimnyanyua Povu ili amgombeze, akashtuka. Povu alikuwa mwepesi. Mifupa ya mgongo ilihesabika kwa vidole.

"Baba watoto, huyu anakula kama hana akili nzuri, na bado anakonda," alisema. "Hili si joto."

Kesho yake wakampeleka kliniki ya wanyama. Kilikuwa chumba kidogo chenye mizani na meza ya bati. Pazia la kijani lilichuja jua, na mwanga ukawa kama wa chini ya maji. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono ya koti ameikunja mpaka kwenye viwiko. Alipima damu ya Povu. Akapima na mkojo.

"Povu ana kisukari," alisema.

"Kisukari? Paka?" Dobi alitoa macho. "Mbona hata chai hanywi?"

Daktari akacheka. "Hakukipata kwenye chai, mzee. Chakula kikiingia mwilini, sehemu yake hugeuka sukari. Sukari hiyo ndiyo nguvu. Lakini haiwezi kuingia kwenye misuli bila kufunguliwa mlango, na mfungua mlango ni insulini. Povu hana insulini ya kutosha. Kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu. Inatoka na mkojo, inavuta maji. Ndiyo maana anakunywa, anakojoa, anakula, na bado anakonda."

"Atakufa?" aliuliza Mama Pasi kwa sauti ndogo.

"Mkimwacha hivi, ndiyo. Mkimtibu, anaweza kuishi vizuri miaka mingi. Atachomwa insulini asubuhi na jioni, saa ileile kila siku."

Daktari akatoa kichupa. "Hiki kikae kwenye friji, lakini si kwenye sehemu ya kugandisha. Dawa ikiganda, imeharibika. Msiitikise. Ibiringisheni polepole kati ya viganja, hivi. Povu ale kwanza, ndipo mmchome. Akikataa kula au akitapika, msimchome. Nipigieni simu. Na kipimo ni hiki. Msiongeze wala kupunguza bila kuniuliza."

Kisha akavuta ngozi ya ubavuni mwa Povu ikasimama kama hema dogo. Akaingiza sindano chini ya hema hilo. Povu hata hakugeuka.

Mama Pasi alikuwa ameungua kwa pasi mara nyingi bila kupiga kelele. Lakini alipoiona sindano ile, alirudi nyuma mpaka kwenye pazia.

"Mimi siwezi," alisema. "Mkono utanitetemeka."

"Nitachoma mimi," alisema Dobi.

"Jambo moja la mwisho," alisema daktari. "Insulini ikizidi, sukari hushuka mno. Paka hulegea, huyumba, hutetemeka. Mkiona hivyo, mpakeni asali kwenye ufizi, kisha mleteni haraka."

Basi Dobi akawa mchomaji. Kila asubuhi na kila jioni alipiga magoti kando ya bakuli, na Mama Pasi alitoka uani mpaka kazi iishe. Huko uani alisimama kati ya shuka zilizoanikwa, zikimpapasa uso, naye akifikiri. Mumewe alikuwa na bega bovu, bega la kukamua nguo miaka yote. Alipoinama alikunja uso. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mkewe.

Akaanza kujifunza kwa siri. Dobi akienda kupeleka nguo kwa wateja, Mama Pasi alivuta maji safi kwenye sindano mpya, akachoma sponji. Mara ya kwanza alijichoma kidole. Baadaye mkono ukatulia, sindano ikawa nyepesi kama unyoya.

Asubuhi moja aliamka kabla ya mumewe. Dobi alikuwa amelala mdomo wazi, kiganja juu ya bega.

"Leo apumzike," Mama Pasi alijiambia.

Alimpa Povu chakula. Povu akala. Mama Pasi akapima dawa, akavuta ngozi, akachoma. Povu akaendelea kujilamba makucha.

"Kumbe ni hivi tu!" Mama Pasi alinong'ona. Akatoka kuanika nguo, miguu kama haigusi chini, akiimba wimbo usio na maneno. Angemwambia mumewe wakati wa chai. Alitaka kuiona sura yake.

Huku nyuma, Dobi aliamka, akaona jua limeshapanda. Akaruka kutoka kitandani. Povu alikuwa amekaa karibu na bakuli tupu, akilia njaa kama kawaida yake. Dobi akamwekea chakula, akamchoma, akakimbilia masufuria yake.

Wateja walikuja mfululizo, na chai ikasahaulika. Kabla ya adhuhuri Mama Pasi alikuwa akipiga pasi, ametekwa na mvuke. Akamwona Povu anakuja. Alitembea kama mlevi, miguu ameitanua. Macho yalitazama kitu hewani ambacho hakikuwapo. Mama Pasi alidhani bado ana usingizi. Kisha Povu akaanguka ubavu, akaanza kutetemeka.

"Baba watoto! Povu!"

Dobi alikuja mbio, povu la sabuni likimtiririka. "Ana nini? Mbona nimemchoma vizuri tu asubuhi?"

Mama Pasi aliganda. "Umemchoma?"

"Ndiyo. Kama kila siku."

"Na mimi nimemchoma."

Walitazamana. Kisha Mama Pasi akazima pasi, akafungua kabati, akaitoa asali. Dobi aliinyakua chupa ili ammiminie Povu mdomoni.

"Usimmiminie, atapaliwa!" Mama Pasi alichovya kidole, akakipaka ufizi wa Povu, taratibu. Kidole hakikutetemeka. "Wewe mpigie daktari."

Sauti ya daktari kwenye simu ilikuwa tulivu. "Endeleeni kupaka kidogokidogo. Mfungeni kwenye taulo, mje sasa hivi."

Walikwenda kwa mguu, nusu wakikimbia, Povu kifuani kwa Mama Pasi kama mtoto mchanga. Daktari alimpokea mlangoni, akamwekea dripu ya maji ya sukari. Wao wakabaki kwenye benchi, ndani ya ule mwanga wa kijani. Muda ulipita polepole, kama umelowa.

"Kwa nini hukuniambia?" Dobi aliuliza.

"Nilitaka upumzike. Bega linakuuma."

"Nani kakwambia linaniuma?"

"Nina macho."

Dobi alitazama viatu vyake. "Mimi nami nilinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Najua unaogopa sindano. Sikutaka hata kuitaja."

Mama Pasi akaanza kucheka, kisha akajikuta analia. Mumewe akamshika mkono. Mikono yote miwili ilinata asali.

Mlango ukafunguka. "Ameamka," alisema daktari. "Ameniuma kidole. Ni dalili nzuri."

Hakuwakaripia. Aliketi nao kwenye benchi. "Leo atabaki hapa nimwangalie," alisema. "Na sikilizeni. Siku mkiwa hamna uhakika kama amechomwa au la, msichome. Subirini zamu inayofuata. Kuruka sindano moja ni afadhali kuliko kuchoma mara mbili. Tafuteni alama ambayo nyote mtaiona."

"Kibanio cha nguo," alisema Mama Pasi papo hapo. "Chekundu. Kikae kwenye mpini wa friji. Anayechoma anakibana kwenye kola yake, anatembea nacho mpaka zamu inayofuata ikaribie, ndipo anakirudisha."

"Watu watanicheka," alisema Dobi.

"Wacha wacheke."

Wakagawana zamu. Asubuhi ya mke, jioni ya mume. Sindano zilizotumika waliziweka kwenye kopo gumu lenye kifuniko, na kopo likijaa walilipeleka kliniki. Chakula kilitolewa kwa saa zilezile, cha aina aliyoagiza daktari. Mwalimu alikuja kuchukua nguo, akakiona kibanio kwenye kola ya Mama Pasi.

"Mama, umejianika?"

"Ndiyo," alijibu Mama Pasi. "Bado sijakauka."

Wiki zikapita. Povu akaacha kuyafuata mabeseni. Mbavu zikajificha tena chini ya manyoya. Daktari alimpima, akatabasamu, akapunguza kipimo cha dawa. Akawaambia kuwa baadhi ya paka hufika mahali pa kuacha insulini kabisa, lakini uamuzi huo ni wa daktari, baada ya vipimo. Wao wasijaribu kuacha wenyewe.

Kwa sababu ilibidi wasubiri Povu amalize kula, walizoea kukaa pamoja sakafuni, kila asubuhi na kila jioni. Na kwa sababu walikaa, walianza kuongea. Asubuhi moja Mama Pasi alisimulia ndoto yake. Alikuwa anaanika shuka angani, na upepo ulikuwa unazipeleka juu, moja baada ya nyingine.

"Na wewe umeota nini?" aliuliza.

"Mimi? Nikilala, nimelala kama gogo. Hakuna kinachoingia."

Mama Pasi alifikiri kidogo. "Basi leo usiku njoo kwenye yangu. Shuka ni nyingi. Nahitaji mtu wa kunishikia ncha ya pili."

Dobi alicheka mpaka akashika bega. Povu aliinua kichwa, akawashangaa. Bakuli lilikuwa tupu.

"Amemaliza," alisema Dobi. Akamshika paka taratibu, na Mama Pasi akavuta ngozi.